Pembe Aliyoitengeneza Wifi Yangu

Wifi yangu Ng'washi akikutazama usoni kwa muda mrefu, usidhani amekuchukia au ana neno la kukuambia. Anatafuta chunusi. Tangu aanze kujifunza kutengeneza picha kwenye kompyuta amekuwa hivyo. Anakaa mkekani, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku anayechungulia mwewe, kisha anasema polepole:

"Mama Mektilda, hapa chini ya jicho una kivuli. Ningekitoa sasa hivi tu."

"Kiache," namjibu. "Amenipa huyu mtoto wa kaka yako, usiku halali."

Basi anacheka, anamchukua Mektilda mgongoni, na mimi napata nafasi ya kuchambua karanga zangu. Ni binti mwema. Nataka kumwandika kwa sababu watu wengi hapa Bariadi wanamfahamu kwa ile habari ya ng'ombe, na wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema alikuwa tapeli. Mimi nilikuwepo.

Ng'washi ni mdogo wa mume wangu Method, kitinda mimba wa Mzee Mashimba wa Nkoma. Kwao ni watu wa pamba na ng'ombe. Mama mkwe ameniambia kwamba huyu mtoto tangu anatambaa alikuwa anaokota mkaa jikoni na kuchora ukutani. Mama anakandika ukuta upya, kesho yake ukuta umejaa tena mbuzi, kuku, na watu wenye vichwa vikubwa. Alipigwa mpaka waliompiga wakachoka. Alimaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani kulima. Nilipojifungua Mektilda ndipo akaletwa kwetu mjini anisaidie kazi ile miezi ya uzazi.

Siku moja nilimtuma kutoa kopi ya kadi ya kliniki kwenye steshenari iliyo karibu na soko. Akachelewa mno, uji wa mtoto ukapoa. Aliporudi hakuwa na kopi wala kadi. Alikuwa ameviacha palepale kaunta. Nyuma ya ile steshenari kuna chumba ambacho Mwalimu Novatus anafundisha vijana kutengeneza kadi, mabango na picha. Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni muda wote akitazama wanafunzi wanavyomtoa bibi harusi mmoja kwenye uwanja wa vumbi na kumweka kwenye bustani ya maua.

"Wifi," aliniambia, macho yamemtoka, "walimkata kama unavyokata kitambaa. Yeye mwenyewe wala hakujua!"

Method ndiye aliyekwenda Nkoma kumwombea ruhusa kwa baba yao. Mzee Mashimba alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Kutengeneza picha? Kwani picha imeharibika nini?"

Method ni fundi wa kuchomelea mageti, maneno si kazi yake. Alijikanyaga-kanyaga, mwisho mzee akasema haya, ajaribu, lakini akiona ni mchezo atamrudisha nyumbani. Jembe lake lipo.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Watu wakiona picha nzuri ukutani hudhani kompyuta ndiyo inayofanya kazi. Wifi yangu alirudi siku za kwanza vidole vimekakamaa, machozi yako karibu. "Mkono unataka kwenda huku, mshale unakwenda kule," alikuwa akisema. Umeme ukikatika darasani, wenzake walitoka nje kupiga soga, yeye alibaki anasukuma mausi juu ya meza, kompyuta imezima, anazoeza mkono. Method alimtafutia laptopu iliyokwisha tumika, nzito kama tofali, kitufe kimoja kimeng'oka, na betri yake ikikaa kidogo tu inazima. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

Wa kwanza kufanyiwa majaribio alikuwa Mektilda. Alimkata kutoka kwenye kiti chetu cha plastiki na kumkalisha juu ya mlima wenye theluji. Tulipotazama vizuri, tukaona sikio moja limebaki kwenye kiti.

"Mrudishie mwanangu sikio lake," nilimwambia.

"Subiri, wifi, sikio nitalifuata kesho."

Tulicheka hadi mtoto akaamka.

Kisha akafundishwa ile kazi wanayoiita muhuri. Unachota kipande cha picha mahali hapa, unakigonga pale, kama unavyogonga muhuri wa ofisi. Kwa hiyo doa la mafuta kwenye shati unalifunika kwa kipande cha shati kilicho safi. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio. Akapiga picha uwanja wetu, akaketi nayo, akatoa majani, mifuko ya nailoni, na lile dimbwi la maji ya kufulia. Uwanja wangu haujawahi kufagiliwa vile tangu niolewe. Nilitamani niingie nikae humo.

Kuanzia hapo hakuacha doa lolote. Mabaka ya majirani, nyufa za kuta, kiraka cha suruali ya Method, vyote vilitoka. Mwalimu Novatus alimsifu mbele ya darasa. Nikawa namtazama tu. Nilikuwa naona mtu aliyepigwa utoto mzima kwa kuchafua kuta, sasa anasifiwa kwa kusafisha.

Ndipo ukaja mwaka wa Thomasi kuoa.

Thomasi ni kaka yao wa katikati, yeye alibaki Nkoma na mzee kwenye mifugo. Alikuwa amempata Lucy, binti wa Mwamanyili kule Busega, na mahari ilikwisha patanwa. Kwa kawaida yetu, maneno yakiisha, wazee wa upande wa binti wanakuja zizini kuwaona ng'ombe kwa macho yao. Wanafungua midomo wanatazama meno, wanashika viwele, wanatazama kwato. Hapo ndipo ukweli wa mtu unapojulikana. Ila mwaka huo baba yake Lucy alikuwa anaumwa mguu, hawezi safari. Akapiga simu, akasema: "Nitumieni kwanza picha ya ng'ombe niwaone nikiwa hapahapa. Kisha shemeji yangu atakuja na wazee kuwathibitisha."

Thomasi akawapiga picha kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akamtumia Ng'washi. Na ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, isafishe kidogo. Vumbi limezidi."

Kidogo! Nilikuwa nimekaa naye jioni ile. Alianza kweli na vumbi. Vumbi lilipotoka, kinyesi kikaonekana, akakitoa. Kilipotoka kinyesi, ardhi ikaonekana kavu mno, akaipaka majani. Ilikuwa kiangazi, pamba imekwisha vunwa, Nkoma nzima haina jani la kulisha sungura. Kwenye picha kukawa na malisho ya kijani kibichi, unaweza kuyasikia yakinukia. Kisha akaja kwa ng'ombe wenyewe, kwa jike mmoja mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imevunjika katikati.

Ng'washi akainamisha kichwa. Akaichukua pembe ya kulia, akaigeuza, akaigonga upande wa kushoto. Akalainisha pale panapoungana. Ng'ombe akawa na pembe mbili nzuri zilizopinda juu, kama mikono ya mcheza ngoma.

"Amependeza?" akaniuliza.

"Amependeza," nikasema. Na kweli alikuwa amependeza.

Thomasi alipoipokea kwenye kile kioo kilichopasuka hakuona kitu isipokuwa ng'ombe. Akaituma Mwamanyili hivyohivyo. Mzee Mashimba hakuonyeshwa; yeye na simu za picha ni mbalimbali. Siku ya pili jibu likaja, baba yake Lucy anashukuru, ng'ombe ni wazuri, na yule mwekundu mwenye pembe za kupendeza amekwisha mpangia mtu. Atakuwa wa mjomba wake Lucy, Mzee Mwandu, yule shemeji atakayekuja kuthibitisha.

Tulikwenda Nkoma wote siku moja kabla ya wageni, mimi nikiwa na Mektilda mgongoni na Ng'washi na laptopu yake kwenye mkoba, kwa sababu Mwalimu Novatus alikuwa amempa zoezi la kumaliza. Kesho yake tukapika tangu alfajiri. Wageni wakaingia asubuhi, wazee tu, mbele yao Mzee Mwandu, mrefu, amevaa koti jeusi na kofia, meno mawili ya mbele hana.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, baba," tukaitika tukiwa tumepiga magoti.

Walipewa maji, wakanywa, wakasema chakula baadaye, kwanza zizini. Mzee Mwandu akatoa simu yake. Alikuwa nayo ile picha. Akawa anatembea katikati ya ng'ombe, anatazama simu, anatazama ng'ombe, anatazama tena simu. Mimi na Ng'washi tulikuwa tunachungulia kutoka jikoni. Nilimwona wifi yangu anaanza kutafuna pindo la kanga.

"Huyu wa kwangu yuko wapi?" Mzee Mwandu akauliza.

"Ndiye huyo mbele yako," baba mkwe akasema.

"Huyu? Huyu ana pembe moja na nusu."

"Ndiye huyo. Mwekundu, baka tumboni."

Mzee Mwandu akageuza simu, akamwonyesha. "Mashimba, mimi sijazaliwa jana. Huyu wa kwenye picha ana pembe mbili. Na haya majani hapa chini, hebu nionyeshe yako wapi nikalishe na wangu! Hapa pote pakavu kama kiganja. Ninyi mmetupigia picha ng'ombe wa watu, huko kwenye malisho ya watu, na sasa mnatupa wa kwenu."

Baba mkwe ni mtu ambaye neno lake juu ya ng'ombe halijawahi kurudishwa na yeyote. Aliitazama ile simu kwa karibu, kisha kwa mbali. Thomasi akawa rangi ya majivu. Alitazama simu, akaelewa, akageuka kutazama jikoni.

"Sijabadilisha ng'ombe," baba mkwe akasema.

"Basi picha imejibadilisha yenyewe," Mzee Mwandu akajibu, na akawageukia wenzake. "Wazee, tuondoke."

Kama wangeondoka bila kula chakula chetu, harusi ingekuwa imekufa pale. Kila mtu alilijua hilo, hata watoto.

Ng'washi akaachia pindo la kanga. Akatoka jikoni, akapita uwanjani mbele ya wanaume wote, akapiga goti langoni mwa zizi.

"Baba, msiondoke," alimwambia Mzee Mwandu. "Ng'ombe ni huyo huyo. Pembe nilimtia mimi."

"Ulimtia?"

"Ndiyo, baba. Na majani pia."

"Ulimtia kwa dawa gani?"

"Kwa kompyuta, baba."

Wazee wa Mwamanyili wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mmoja akasema, "Binti anamfunika baba yake. Malezi mazuri hayo." Mzee Mashimba hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ng'washi. Hayo unayosema ni kweli?"

"Kweli, baba."

"Hiki ndicho unachojifunza mjini? Kama ni kweli, basi kompyuta leo ndiyo mwisho wake. Kesho kaka yako anarudi na mkewe, wewe unabaki hapa."

Ng'washi alikuwa njia panda. Akisimamia ukweli wake, masomo yamekwisha. Akisema alikuwa anatania, kaka yake amekosa mke. Mtu mwingine angelia. Yeye akabaki amepiga goti, akarudia kwa sauti ndogo lakini inayosikika:

"Ni kweli, baba. Ni mimi."

Mzee Mwandu akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini na udadisi wa karibu pia.

"Maneno tu hayo," akasema. "Kama kompyuta yako inaotesha pembe, basi inaweza na kuvunja. Sivyo?" Akabonyeza-bonyeza simu yake, akatoa picha ya dume moja jeusi, nene, limesimama kando ya lambo. "Huyu ni dume langu, anaitwa Lori. Yuko Mwamanyili sasa hivi anakula. Mvunjie pembe hapa mbele yangu, ndipo nitakuamini."

Laptopu ikaletwa, ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Picha ya Lori ikahamishwa kutoka kwenye simu kwa waya. Wazee wakazunguka, bakora zao zimewekwa kando, vichwa vimegongana. Mimi nilisimama nyuma ya Ng'washi nimemshikia kanga imkinge jua ili kioo kionekane.

Akaniinamia sikioni. "Wifi, nimekwisha. Mimi nimefundishwa kutengeneza. Kuvunja sijafundishwa."

Nilimshika bega tu. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye vidole, mausi inateleza.

"Mbona huanzi?" Mzee Mwandu akauliza. "Au leo dawa zimelala?"

"Anaomba kwanza," mzee mwingine akamdhihaki.

Ng'washi akainamisha kichwa upande. Akamtazama Lori kimya, kama anavyotazama chunusi zetu. Kisha nikaona bega lake linalegea. Akachota kipande cha mbingu, pale juu ya mgongo wa dume, akakigonga kwenye ncha ya pembe. Ncha ikapotea. Akachota tena mbingu, akagonga chini kidogo. Pembe ikawa inaliwa na mbingu, taratibu, mbele ya wazee wote.

"Heee!" mmoja akapiga kelele. "Inaliwa! Tazama inavyoliwa!"

Pembe ikafika nusu. Akaichongoa ile sehemu ya mwisho ikawa na meno-meno kama kitu kilichovunjika kweli. Ukimtazama Lori ungesema amepigana na gari.

"Bado kidogo niweke kivuli, baba," Ng'washi akasema.

"Basi!" Mzee Mwandu alikuwa amevua kofia. "Basi, basi, mtoto! Mrudishie!"

"Lakini umesema..."

"Nilisema nini! Mrudishie upesi! Dume langu liko malishoni, litaumia huko!"

Ng'washi akabonyeza vitufe viwili, mara nyingi, haraka haraka. Pembe ikachipua kidogo kidogo hadi ikarudi nzima. Wazee wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Lakini Mzee Mwandu hakuridhika. Alichukua simu, akapiga nyumbani kwake, na sisi sote tunasikiliza.

"Halo! Hebu nenda umtazame Lori... Nenda umtazame nimesema! ...Unamwona? Pembe zake ngapi? ...Hesabu!" Akangoja, kofia imekandamizwa kifuani. "Mbili? Zote nzima? Haya, wabeja, asante. Hapana, hakuna kitu. Nilikuwa nauliza tu."

Alipokata simu, hakuna aliyeweza kujizuia. Hata baba mkwe, aliyekuwa amenuna kama mawingu ya masika, aligeuka akajifanya anakohoa. Mzee Mwandu mwenyewe akaanza kucheka kwa ile mianya ya meno yake, akajipiga paja.

"Basi nimeamini. Mashimba, ng'ombe hukubadilisha. Nisamehe kwa neno langu. Lakini hebu niambie, huyu mwekundu pembe ilivunjikaje? Kama ni ugonjwa nijue."

"Ugonjwa!" baba mkwe akasema. "Fisi alikuja kumchukua ndama wake, mwaka juzi wakati wa mvua. Thomasi amefika pale, amemkuta fisi amebanwa kwenye miba, na pembe imevunjikia ubavuni mwake. Ndama hana hata mkwaruzo. Ndiye yule pale, amekwisha kuwa mtamba."

Mzee Mwandu akamtazama yule ng'ombe upya. Akamwendea, akamshika ile pembe ya nusu, akaisugua kwa kidole gumba.

"Fisi?"

"Fisi mzima."

"Sasa kwa nini mmenificha?" Akamgeukia Ng'washi, na safari hii alikuwa anafoka kweli. "Binti! Ng'ombe ana sifa kama hii, wewe unamfutia? Ungemwacha na pembe yake mbovu ningekuja mbio kwa miguu kutoka Mwamanyili! Hizo mbili za kwako kila ng'ombe anazo!"

"Sikujua, baba," Ng'washi akasema. Na kweli hakujua. Mwaka huo alikuwa kwetu mjini, na habari za fisi hakuna aliyempelekea.

Wazee wakakaa pembeni, wakanong'ona, wakarudi na hukumu. Ng'ombe wamekubaliwa wote. Ila kwa picha ya uongo, upande wa Nkoma unatozwa faini ya mbuzi mmoja, achinjwe sasa hivi na kuliwa na pande zote mbili. Baba mkwe akachagua mbuzi bila kuteta. Nyama ilipoiva, mmoja wa wazee akauliza kama kuna picha nyingine ya uongo mahali popote, maana ameona mbuzi wengine zizini.

Walipokula wakashiba, Mzee Mwandu akamwita Ng'washi tena. Safari hii alitaka apigwe picha yeye, aoteshwe yale meno mawili. Ng'washi akafanya. Mzee akajitazama kwa muda, akafunga mdomo, akaufungua.

"Mke wangu atasema nimemletea mwanamume mwingine," akasema. "Lakini nitumie. Nitakuwa nampelekea akikasirika." Kisha akamwambia baba mkwe, "Mashimba, lile bango la harusi la kutundika mlangoni, atengeneze huyu huyu. Sitaki fundi mwingine."

"Huyu nimekwisha sema anabaki hapa," baba mkwe akajibu.

"Anabaki hapa alitengeneze kwa jembe?"

Wazee wakacheka. Baba mkwe alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, anatazama zizini. Nami nilikuwa ninaosha masufuria karibu, naona Ng'washi amesimama na bakuli tupu mkononi, hapumui.

Wageni walipokwisha sindikizwa, mzee akamwita. Alimkalisha mbele yake juu ya kigoda, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa binti.

"Ile kuvunja. Mwalimu wako ndiye alikufundisha?"

"Hapana, baba."

"Ukajuaje?"

Ng'washi akafikiri. "Nilitazama tu. Nikaona pembe ikiondoka, hapo inapokuwa panabaki mbingu. Basi nikaileta mbingu."

Kuku walipita katikati yao. Mektilda akaenda akamshika babu yake goti, mzee akampakata bila kumtazama.

"Nilidhani ni mchezo," akasema mwishowe. "Mchezo haumtoi mtu jasho namna ile." Akamwita mume wangu kwa sauti. "Method! Kesho mnaondoka saa ngapi?"

"Tukishakunywa chai, baba."

"Msingoje chai. Huyu ana shule."

Ng'washi akapiga goti kushukuru, lakini mzee akamnyoshea kijiti.

"Sikiliza. Watu uwatengeneze upendavyo. Meno, vipara, mikunjo, wao wenyewe wanataka. Ng'ombe wangu usiwaguse. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Hata kupe usimtoe."

Tuliondoka kukiwa bado kuna umande kidogo, laptopu imefungwa ndani ya kanga ya mama mkwe isipate vumbi. Tulipofika Bariadi hakutaka hata kupita nyumbani. Nikamsindikiza hadi steshenari na mtoto mgongoni. Mwalimu Novatus alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa chumba, ufunguo mkononi.

"Mwalimu," Ng'washi akasema kabla hata ya salamu, "leo nifundishe kuvunja."

"Kuvunja nini?"

"Chochote. Ukuta, chungu, geti la kaka. Kutengeneza naona nimekwisha elewa."

Mwalimu akanitazama mimi, kama nitamweleza. Nikampandisha Mektilda vizuri mgongoni, nikawaacha.